Maswali Yenu: Semina Tumeenda, Stori ya Upekuzi Iko Wapi?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu mafunzo ya uanahabari wa upekuzi, ule wa kuchimba yaliyofichwa, nikasema mwenye swali atume, na mmetuma kweli kweli, kutoka hapa Nairobi na kutoka kaunti zingine. Kitu nimeona ni kwamba wengi hamuulizi upekuzi ni nini, hio mnajua, mnauliza mbona nimefundishwa na bado sijafanya. Basi leo nafasi yote ya safu ni ya hili. Majina nimeyatoa yote, wengine mliomba wazi kabisa msitajwe.

*

"Mwalimu habari yako. Mimi ni ripota wa mashinani, natumia redio moja na gazeti moja huko Nairobi stori kutoka kaunti yetu na nalipwa kwa ile iliyotoka tu. Nimeitwa semina za upekuzi Nairobi mara kadhaa, tunalala hoteli nzuri, tunafundishwa na watu wakubwa, vyeti niko navyo. Nikirudi nyumbani kazi ni ile ile, mkutano wa gavana, mazishi, ajali. Shida ni mimi ama ni hayo mafunzo?" – Ripota, Ukambani

Ndugu yangu, sidhani shida ni wewe. Hizo semina karibu zote zinafanana, siku ya kwanza ni sheria, siku ya pili ni vifaa vya mtandaoni, ya tatu kila mtu anasimama anaeleza wazo la stori yake, picha ya pamoja, cheti, kila mtu gari yake. Alafu wiki ya nne ukiwa umekwama mbele ya karani anayekuambia faili haipatikani hakuna mtu wa kumpigia simu. Na upekuzi unafundishika hapo hapo, ule wakati mlango umefungwa na mtu mwenye uzoefu anakuambia usigonge huo tena, zunguka, kuna ofisi ingine iko na nakala ya hio karatasi. Kwa hivyo ukialikwa tena uliza kabla hujapanda gari, je, kuna mhariri atanifuata mpaka stori itoke? Kuna pesa ya nauli na chakula ya wiki kadhaa za kazi, sio ya siku za hoteli pekee? Stori itatoka wapi? Kama majibu ni hapana, hapana na tutaona, enda kama unataka kukutana na watu, hio pia ni faida, lakini usijilaumu ukirudi mikono mitupu.

Alafu usingoje. Chukua kitu kidogo, kitu unaweza enda ukakishika kwa mkono. Tuseme kuna zahanati kwa wadi yenu, jengo limesimama, rangi imepakwa, mlango uko na kufuli. Andika stori yako kwa sentensi moja kama vile tayari umeithibitisha: zahanati yetu ililipiwa pesa yote na haijawahi kufunguliwa. Sasa ivunje hio sentensi vipande vipande. Ililipiwa, nani amesema? Pesa yote, ni ngapi, na kuna cheti cha kukamilika kwa kazi ama hakuna, na nani alikitia sahihi? Haijawahi kufunguliwa, hio unaenda mwenyewe unapiga picha, unaongea na majirani, na chifu, na muuguzi aliyepangiwa kazi hapo kama yupo. Kila kipande kinahitaji karatasi ama mtu aliyeona kwa macho yake, na kama kipande kimoja kimekataa badilisha sentensi, usilazimishe. Labda utapata kwamba kontrakta hakulipwa ndio maana akaweka kufuli yake, hio ni stori tofauti kabisa na inaelekea kwa mtu mwingine. Hapo ndio nasisitiza kwa wote ninaowafundisha: ile sentensi ya kwanza umeiandika ndio uijaribu, wengi wanaiandika alafu wanatafuta tu cha kuitetea.

Na andika pia stori ndogo ya chini yake, ile utabaki nayo hata kama nyaraka zote umenyimwa. Zahanati imefungwa na kina mama wanatembea mbali kufuata chanjo, hio peke yake inatosha kwa mhariri, kwa hivyo hutakua umepoteza wiki zako bure. Kwa mtu analipwa kwa stori hili jambo sio dogo.

Karatasi za kuanzia ni za bure. Katiba kifungu cha 229 inamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali awe amekagua na kutoa ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, na mwaka wetu wa fedha unaisha Juni 30, kwa hivyo tarehe ya kikatiba ni Desemba 31. Bunge ama bunge la kaunti nalo liko na miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Ripoti zinawekwa kwa tovuti ya ofisi yake. Sasa, kila mtu husoma kurasa za mbele, kaunti imepata hati gani ya ukaguzi, safi ama yenye dosari, anaandika, amemaliza. Wewe enda ndani, kwa zile aya za miradi iliyokwama na malipo yasiyo na stakabadhi, huko ndani wakaguzi wanaandika jina la mradi, thamani ya kandarasi, kiasi kimelipwa, na walikuta nini walipotembelea. Hizo aya ni stori ambazo hazijamaliziwa, serikali yenyewe imekuanzia. Msimamizi wa Bajeti pia anatoa ripoti kila robo mwaka za vile kaunti zimetumia pesa, weka hizo mbili pamoja.

Kutoka hapo unamfuata kontrakta. Tangu amri ya Rais namba 2 ya 2018 taasisi za serikali zinatakiwa kuchapisha habari za tenda zao, na kuna tovuti ya serikali ya tenda, sio kila kitu kiko huko na zingine zimejazwa nusu nusu lakini angalia. Jina la kampuni ukishalipata, omba CR12 kupitia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, ni ada kidogo, itakuonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Gazeti Rasmi la Serikali linatoka Ijumaa, lisome hata kama huna stori, uteuzi, ardhi, mirathi, kampuni zinazofungwa, yote yamo humo. Na kamati za bunge la kaunti zinatakiwa kukaa hadharani, kifungu cha 196, enda ukae nyuma uandike. Ukiona ni wewe peke yako mwanahabari hapo basi umefika mahali pazuri.

Hayo yote yaweke kwa jedwali moja la tarehe, kampuni ilisajiliwa lini, tenda ilitangazwa lini, malipo ya kwanza lini, kazi ilianza lini. Tarehe ukizipanga zinaongea zenyewe. Mwaka wa 2020 wakati wa Korona ile kashfa ya KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, ambayo Mkaguzi Mkuu alifanya ukaguzi maalum wa shilingi bilioni 7.8, moja ya vitu vilishangaza watu ni kwamba kampuni changa kabisa zilikua zimepewa tenda kubwa, na hio ilijulikana kwa kulinganisha tarehe ya usajili na tarehe ya tenda. Ni kazi unaweza fanya ukiwa cyber ya mtaani kwenu.

*

"Shikamoo mwalimu. Mimi natoka Lamu, nasomea uandishi hapa South B. Nilipokua mdogo nilikua naangalia Jicho Pevu na ndio ilinifanya nichague hii kozi. Nataka kununua kamera ya siri, ile ya kalamu ama ya kifungo, niingie ofisi fulani nirekodi vile wanaitisha hongo. Naanzaje?" – Mwanafunzi

Marahaba mwanangu. Nimefurahi unajua ulikotoka, manake Mohammed Ali na wenzake waliotengeneza Jicho Pevu pale runinga ya KTN walionyesha nchi nzima kwamba upekuzi unaweza fanywa kwa Kiswahili na watu wakakaa nyumbani kungojea, na hilo halijasifiwa vya kutosha. Lakini rudi uangalie zile kazi kwa jicho la mwanafunzi. Ile ya shambulio la jengo la maduka la Westgate la 2013 aliyofanya na John-Allan Namu, iliyofanya Inspekta Jenerali wa wakati huo atishie kuwakamata, uti wake wa mgongo ulikua picha za CCTV za jengo lenyewe. Sio kamera ya kalamu. Ni rekodi ambayo ilikuwepo tayari na mtu akaifikia, akaitazama saa kwa saa.

Kamera ya siri iwekwe mwisho. Maadili ya Baraza la Vyombo vya Habari yanakubali njia za kujificha pale tu kuna maslahi makubwa ya umma na hakuna njia ingine ya wazi, kwa hivyo lazima kwanza uwe umejaribu njia zingine na uwe na mhariri ambaye ameidhinisha, ikiwezekana kwa maandishi. Mwanafunzi ukiingia peke yako huna mhariri, huna wakili, huna mtu anajua uko wapi. Usifanye hivo. Na kuna hili pia, kurekodi karani mmoja akiitisha mia tano kunamfutisha kazi karani mmoja. Kaa nje ya hio ofisi uongee na wanaotoka, wengi, siku tofauti, uandike wameitishwa ngapi na kwa huduma gani na ada halali ni ngapi, alafu uone hio pesa inapanda kwenda juu ama inabaki kwa dirisha. Hio utaweza kuifanya muhula huu.

*

"Mwalimu, mimi ni mwandishi wa jarida dogo la mtaa huku Eastlands. Kila nikienda ofisi ya umma kuuliza karatasi naambiwa leta barua, nikileta barua naambiwa mkubwa hayuko, nikirudi naambiwa hio ni siri ya serikali. Kuna njia ama nizoee tu?" – Dada wa Umoja

Dada yangu usizoee. Hapa nitakaa kidogo manake hii ndio silaha wengi wetu tumeiacha kwa mawakili na mashirika na ni ya kila raia.

Katiba kifungu cha 35 inampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza vile itafanyika. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza ama kwa Kiswahili, hio imeandikwa kwa sheria yenyewe, kwa hivyo mtu asikurudishe ati barua iko kwa Kiswahili. Kama mtu hawezi kuandika, ofisa anatakiwa amwandikie. Hutozwi chochote kwa kuwasilisha ombi, unalipa tu gharama ya kutoa nakala. Hulazimiki kueleza unaitakia nini. Na lile la mkubwa hayuko, hata kama hawajateua mtu wa kushughulikia, mkuu wa taasisi mwenyewe ndiye ofisa wa habari kisheria, andika kwa cheo chake.

Wakishapokea wako na siku 21 za kukujibu, na kama habari inahusu uhai ama uhuru wa mtu ni saa 48. Wanaweza kuongeza siku 14 mara moja tu wakieleza kwa nini. Kama habari iko ofisi ingine wanatakiwa walihamishe ombi huko ndani ya siku 5, sio kukutuma wewe uzunguke. Wakikataa, ama wakinyamaza, unapeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman, ndani ya siku 30.

Barua iwe fupi na iwe na shabaha. Ukiandika "naomba habari zote kuhusu barabara za Eastlands" umewapa sababu ya kukataa. Andika hivi:

"Kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mimi raia wa Kenya naomba nakala za stakabadhi zifuatazo kuhusu ukarabati wa soko la (jina), mwaka wa fedha wa (mwaka): mkataba uliotiwa sahihi na mkandarasi, orodha ya kazi na bei, vyeti vyote vya malipo, na ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa mradi. Naomba nitumiwe kwa barua pepe. Kama sehemu yoyote haiwezi kutolewa naomba niandikiwe sababu na kifungu cha sheria kinachotumika, na sehemu iliyobaki nipewe."

Beba nakala mbili, moja wagonge muhuri na tarehe ubaki nayo. Huo muhuri ndio unaanza kuhesabu siku. Wasipokujibu, ukimya wao pia unaandikika, "tuliomba tarehe hii, mpaka tunachapisha hatujajibiwa".

Watakuambia siri. Kuna mambo sheria inaruhusu yazuiwe, usalama wa taifa, faragha ya mtu, siri za biashara, lakini hata hayo yanapimwa na maslahi ya umma na lazima waonyeshe, sio kusema tu. Mikataba ya reli ya SGR iliambiwa siri miaka mingi, wanaharakati wawili wakaenda mahakamani Mombasa wakitumia kifungu hiki hiki cha 35, Mei 2022 wakashinda, na Novemba mwaka huo waziri mpya wa uchukuzi akatoa baadhi ya stakabadhi. Ilichukua muda, ndio. Lakini ile mikataba watu wengi waliisoma mara ya kwanza siku hio.

Shauri langu, usitume ombi moja, tuma kadhaa kwa ofisi tofauti juu ya jambo lile lile. Mkataba wa soko uko kwa idara ya manunuzi, uko kwa fedha, uko kwa idara ya biashara, na mara nyingi kamati ya bunge la kaunti nayo iko na nakala.

*

"Niko na chanzo ndani ya hospitali ya umma, ni muuguzi, ananitumia skrinishoti za WhatsApp za kundi la kazi na picha za rejista kwa simu yake. Stori ni kali sana. Nichapishe hizo picha?" – Mwandishi, Nakuru

Usichapishe. Kwanza mwambie aache kutuma kwa njia hio leo. Fikiria kundi la kazi liko na watu wangapi, skrinishoti inaonyesha majina yamepangwa vipi, betri ni asilimia ngapi, saa ngapi, lugha ya simu, nani amejibu nani na nani hajajibu. Mtu wa ofisi hio ataangalia mara moja aseme hii ni simu ya fulani. Picha ya faili inabeba habari ndani yake pia, aina ya simu, wakati, pengine na mahali. Rejista nayo iko na majina ya wagonjwa, na hao hawakukutuma, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na hata ingekua haipo bado ungekua unamdhuru mgonjwa asiye na kosa.

Hamia Signal, app ya ujumbe iliyo salama zaidi, weka ujumbe unaojifuta, weka nywila ya hatua mbili kwa barua pepe na WhatsApp yako, na jina lake halisi lisiwe popote kwa simu yako hata kwa orodha ya namba. Kutaneni ana kwa ana inapowezekana na sio kwa mkahawa ulio mbele ya hospitali. Alafu tumia alichokuambia kama ramani tu, kile anasema kipo nenda ukitafute kwa njia ambayo haipiti kwake, ripoti ya mkaguzi, vocha, msambazaji wa dawa, wafanyikazi waliostaafu. Ukichapisha karatasi ambayo watu wengi wangeweza kuwa nayo hakuna wa kunyooshewa kidole. Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016 iko na kifungu cha kulinda wanaofichua, ni vizuri akijua, lakini kifungu hakitakaa naye kazini Jumatatu asubuhi akiitwa na mkubwa wake, wewe ndio umlinde kwanza.

Na wewe pia. Francis Nyaruri aliuawa Januari 2009 baada ya kuandika kuhusu pesa za nyumba za polisi huko Nyamira, na John Kituyi aliuawa Eldoret Aprili 2015, alikua mhariri wa gazeti lake dogo la kila wiki. Hawa wote hawakua wa deski kubwa za Nairobi zenye mawakili na walinzi mlangoni. Nawataja kwa sababu mafunzo ya usalama hupewa sana wa Nairobi, na walio hatarini zaidi ni wale wanaishi mtaa mmoja na mtu wanaomwandika. Kabla ya kwenda mahali achia watu wawili jina la unayemuona, saa ya kwenda na saa ya kurudi, na mkubaliane watafanya nini saa ikipita.

*

"Nimeandika juu ya kontrakta mmoja, bado haijatoka, ashanitumia ujumbe ati atanishtaki nifungwe. Mhariri ameingia baridi." – Mwandishi wa mtandaoni, Kasarani

Kufungwa jela kwa kuchafulia mtu jina, Mahakama Kuu ilisema Februari 2017 kwamba kile kifungu cha 194 cha kanuni ya adhabu kinakiuka katiba. Kesi ya madai ndio iko, anaweza kukudai fidia, na ana miezi 12 tangu uchapishe. Ukweli ni utetezi, lakini ukweli wa kujua na ukweli wa kuthibitisha mbele ya hakimu ni vitu viwili, kwa hivyo kaa na mhariri wako mpitie stori mstari kwa mstari, kila dai likiwa na namba, na kila namba ikiwa na karatasi ama rekodi ama mashahidi wawili. Dai lisilo na kitu linatoka, hata kama ndio tamu kuliko yote.

Na je, umempa nafasi ya kujibu kisawasawa? Ujumbe wa "tunaandika stori kukuhusu, unasemaje" hautoshi. Mwandikie kila dai unalotaka kuchapisha, moja moja, na tarehe na kiasi cha pesa, umpe siku za kutosha kulingana na uzito, alafu jibu lake uliweke ndani ya stori kwa haki, sio mwisho kabisa kwa mstari mmoja. Mara nyingi hapo ndio utapata makosa yako kabla wasomaji hawajayapata, na kuna wakati jibu lake ndilo linathibitisha kila kitu. Hio baridi ya mhariri itapungua akiona hizo namba.

Kingine, umetumia gari yake ama chakula yake wakati wowote wa hii kazi? Umepokea hata ile ya "nauli"? Kama ndio mwambie mhariri leo, manake yule kontrakta ataisema kortini.

*

"Ni lazima nijue kuandika programu na kompyuta sana?" – Ripota, Kawangware

Hapana. Jifunze Excel, kupanga, kuchuja, kujumlisha, na kulinganisha orodha mbili. Kwa stori nyingi za pesa za umma hio inakufikisha. Baadae ongeza kutafuta picha ilitoka wapi kwanza, na picha za setilaiti kwa Google Earth, hizo ziko na rekodi za miaka ya nyuma, unaweza ona kama barabara iliyolipiwa ilichimbwa kweli ama la.

Ukitaka kuona macho na subira vinaweza nini, 2018 kulitokea video ya wanajeshi wakiua wanawake wawili na watoto wawili, serikali ya Cameroon ikasema ni uongo, sio kwao. BBC Africa Eye walichukua mstari wa milima iliyo nyuma ya ile video wakaulinganisha na Google Earth mpaka wakapata mahali penyewe, karibu na kijiji cha Zelevet kaskazini ya mbali ya Cameroon, alafu wakatumia majengo, njia na vivuli vya wale wanajeshi kupata ni kati ya Machi 20 na Aprili 5 mwaka wa 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanajeshi wanne miaka 10. Sehemu kubwa ya hio kazi ilikua ni kutazama, kutazama tena na kulinganisha.

*

"Mimi ni mhariri wa redio ya jamii hapa Nairobi, ripota ni wachache, pesa kidogo. Tumepata nafasi moja ya mafunzo ya upekuzi. Nimpeleke nani, na nikishampeleka nifanye nini asirudi akahama kwenda stesheni kubwa?" – Mhariri

Mpeleke yule ambaye akitoka mkutano wa wanahabari anarudi na swali, hata kama sauti yake hewani sio nzuri sana. Na omba waandalizi wakupe nafasi ya pili, uende wewe. Nasema hivi nikimaanisha, ripota aliyefundishwa akirudi kwa mhariri ambaye hajafundishwa anaambiwa hio stori itachukua muda, leta ya mbio, na baada ya mwezi amekua yule wa zamani. Nimeona vipaji vikizimika hivyo na inaniuma.

Pesa, mko wengi mko hivyo, kwa hivyo unganeni. Redio tatu za jamii zikigawana stori moja, huyu anafuata tenda, huyu anafuata wakaazi, huyu mahakama, gharama inagawanyika na pia ni ngumu kutisha watatu kuliko mmoja, manake itatoka kwa wote saa moja. Vile Pandora Papers ya 2021, ile ya nyaraka zilizovuja za mali iliyofichwa ng'ambo, ilifanywa na mamia ya wanahabari dunia nzima, na upande wa Kenya Africa Uncensored, shirika la upekuzi la hapa Nairobi, wakiwemo, hakuna chumba kimoja cha habari kingeimaliza. Kwa mafunzo na watu wa kukushika mkono angalia Africa Uncensored wenyewe, Baraza la Vyombo vya Habari, AMWIK kwa ripota wa kike, Africa Check kwa kuthibitisha madai, na Baraza Media Lab hapa Nairobi ni mahali pa kukutana na watu wa kazi hii. Johannesburg kuna kongamano la Afrika la wapekuzi kila mwaka pale chuo cha Wits, na huwa kuna ufadhili wa safari kwa wachache, mwambie atume maombi.

Kuhama, huwezi kumfunga. Watu huondoka mahali hawapewi nafasi ya kufanya walichojifunza, kwa hivyo mpe siku. Siku moja kwa wiki aondolewe kabisa kwa dairi, ile orodha ya kazi za kila siku, kama Jumatano ndio nyepesi kwenu basi Jumatano, andika jina lake na stori yake kwa ubao wa chumba cha habari, kaa naye nusu saa kila Alhamisi asubuhi akuonyeshe jedwali lake la tarehe limeongezeka nini, na usimtoe hapo hata kama gavana ameita wanahabari.